Hala Hala

"Hala," aliniambia Bi. Perla mlangoni,
nami nikadhani ananihimiza,
hala hala, mti na macho,
nikavua viatu mbiombio.
Kumbe ni jina la mkate.

Mimi ni msusi, Kenyatta Market,
kibanda cha tatu ukitokea kwenye nyama choma.
Vichwa ndivyo shamba langu.
Yeye ni jirani wa juu, ghorofa ya nne, Ngara,
vidole vimepinda kama tangawizi.
Miaka sitini amesuka, Ijumaa hata Ijumaa,
mpaka mkono wa kulia ukamwambia: basi.

Kwanza mayai. Kila moja livunjie gilasini,
ulichungulie dirishani;
likiwa na tone la damu, mwaga.
Siagi usitie: mkate huu utakaa na nyama,
na nyama na maziwa hawaamkiani.
Mafuta, asali ya Kitui,
hamira iliyokwisha kuamka, ina povu mdomoni.

"Kanda," akasema. "Si makofi. Kanda
kama unayemsamehe mtu polepole."
Nikamkumbuka baba yake Shanisi wangu.
Nikakanda kupita kipimo.

Kabla ya kusuka akamega kitonge,
ukubwa wa kokwa ya zambarau,
akanong'ona maneno nisiyoyajua.
"Hiki si chetu," akasema. "Kitaungua."
Kwetu tungesema hasara.
Nikanyamaza; nilikuwa kwa mtu.

Kisha mikia sita mezani, vichwa pamoja.
Juu ya miwili, chini ya mmoja, juu ya miwili.
Vidole vyangu vinajua twende kilioni,
vinajua rasta za kiuno,
lakini kichwa huvuta, kichwa hulia,
kichwa huuliza bei katikati ya kazi.
Donge halisemi.
Donge linapumua tu, chini ya kiganja,
juu ya miwili,
chini ya mmoja.

Saa kumi na robo stima ikaenda.
Si tokeni. Nilichungulia: ni mtaa mzima,
hata kinyozi wa chini ametoka nje
na mteja wake nusu kichwa.
Na jua la Nairobi halibembelezeki:
Januari, Julai, saa kumi na mbili unusu linazama,
na likizama Bi. Perla hawashi tena moto.

Tukashuka ngazi, sinia kichwani pangu,
yeye nyuma akishika ukuta,
hadi kwa Abdirazak anayeoka mofa nyuma ya gereji.
Hakuingia. Aliuliza kwanza:
"Tanuri yako, nguruwe amewahi kupita?"
Abdirazak akajipangusa uso kwa kibandiko.
"Shangazi, hata kwangu hapiti."
Akampa koleo. Kwa mkono ule uliopinda
akatia kaa moja motoni, moja tu, lake,
kisha akaketi juu ya kreti ya soda
kama mwenye duka.

Nikapaka kiini cha yai, nikanyunyiza ufuta.
Harufu ilipotoka mafundi wakatua spana.
Kitonge cha zambarau kikawa mkaa pembeni;
hakuna aliyekitazama ila yeye.

Saa kumi na mbili na robo tulikuwa mezani kwake,
stima bado,
mishumaa miwili ikingoja kiberiti,
mikate miwili chini ya leso.
Mkate huona haya, alinieleza,
divai ikitajwa kwanza, ndiyo maana hufunikwa.
Leso iliandikwa KILA MMOJA NA ZAMU YAKE.
Sijui kama aliwahi kuisoma.
Alinimegea pande la mwisho, lile lililoungua kidogo,
akalichovya chumvini,
na sikupewa nafasi ya kukataa.

Jumatatu msichana mmoja kibandani
akajigusa kisogo, akajitazama kiooni.
"Mikia sita? Mtindo gani huu?"
"Hala," nikamjibu.
Akatoa pesa haraka.